Namba Chini ya Kanga

Mimi sipendi kuulizwa jambo moja mara kumi. Lakini tangu msimu wa korosho wa mwaka jana, kila nikipita sokoni Mbekenyera lazima mtu anivute pembeni aninong'oneze, "Nesi Rabia, hebu tuambie, Bi Mwanabibi ana kilo ngapi?" Nawaambia waende zao. Leo nitaeleza yote mpaka mwisho, isipokuwa hiyo namba. Anayeisubiri namba aondoke mapema, asije akanilaumu.

Ilianza Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, pale kwenye kituo chetu cha afya, upande huu wa Ruangwa. Gari la mizigo likashusha boksi refu kuliko mlango wa stoo. Halikuja na barua. Ndani kulikuwa na kijitabu, lakini lugha yake haikuwa Kiswahili wala Kiingereza, ilikuwa na herufi zenye vidoti juu. Daktari Stanslaus, mkuu wetu wa kituo, alikuwa Lindi kwenye semina. Nikabaki mimi na boksi tunatazamana.

Nikalifungua. Ikatoka nguzo ya chuma yenye magurudumu manne. Juu ya nguzo kuna mkono mrefu, mwisho wa mkono kuna ndoano, na juu ya ndoano kuna kioo kidogo. Ukibonyeza, kioo kinawaka sifuri. Sasa wewe niambie. Umezaliwa huku, umekuzwa na korosho, hata sare ya shule ulinunuliwa kwa korosho, unaona ndoano na juu yake namba zinawaka. Utasema ni nini? Ni mizani. Hata mtoto wa darasa la pili angekuambia ni mizani.

Na chama cha wakulima cha Mbekenyera kilikuwa kinasubiri mizani mpya tangu Septemba. Karani wao, Kipriani, alikuwa analalamika kila mahali, mpaka msibani. Nikampigia simu mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. "Kipriani, mzigo wenu umeshushwa kwetu kwa makosa."

Akaja na kirikuu, kigari cha mizigo, baada ya saa moja, amefurahi hadi shati limetoka kwenye suruali. Nikasaini karatasi yake, tukapakia. Kikabaki kitambaa kigumu cha buluu, kipana, chenye vitanzi sita pembeni. Kipriani akakigeuza geuza. "Hiki si chetu," akasema. "Gunia halivalishwi nguo." Nikaona ana haki. Wodi ya wanawake ina dirisha linalopigwa na jua la mchana, basi nikakitundika pale kwa vitanzi vyake, kikawa pazia. Lilikaa vizuri sana. Wiki nzima nilijipongeza.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wakamleta Bi Mwanabibi.

Niwaeleze kidogo habari zake. Bi Mwanabibi ni kungwi. Wasichana wa Mbekenyera wa rika langu, na waliotutangulia, na waliotufuata, Waislamu kwa Wakristo, wengi wametoka unyagoni mikononi mwake. Siku ya kutoka, mwali hakanyagi chini. Anabebwa mabegani kutoka nyumba ya unyago mpaka uani kwa mama yake, watu wanaimba, vumbi linatimka. Mimi nilibebwa na Bi Mwanabibi. Nakumbuka nilivyoshika kilemba chake kwa mikono miwili, na yeye anacheza chini yangu kana kwamba hana mzigo wowote. Ndiyo maana mpaka leo simwiti kwa jina, namwita somo.

Ni mama mwenye mwili. Mwili mkubwa kwelikweli, tangu zamani, na miaka hii ya mwisho magoti yamemkataa ukaongezeka. Wapo waliosema ana kilo mia mbili, wapo waliosema mia mbili na nusu, na hakuna aliyewahi kumpima. Siku moja ghalani, misimu miwili kabla ya haya, vijana wa kubeba magunia walitania, "Bi Mwanabibi akipanda mizani, msimu umefungwa." Watu walicheka. Mimi nilikuwepo na mimi nilicheka. Kumbe mwenyewe alikuwa nyuma yetu na ndoo yake. Akacheka kuliko sisi sote. Msimu uliofuata hakuonekana ghalani, korosho zake wakawa wanampelekea majirani. Nilidhani ni magoti.

Sasa Jumamosi hiyo, mvua za kwanza zimenyesha, akateleza barazani kwake. Mfupa wa nyonga ukavunjika. Watu wanane walimpakia kwenye kirikuu, wanane wakamshusha. Jumapili tukataka kumgeuza ili tumsafishe mgongo. Tulikuwa wanne, tukashika shuka pembe nne, tukahesabu moja, mbili, tatu. Shuka ikachanika. Akaanguka nusu kitandani nusu mikononi mwetu, na mguu ukajipinda. Sitaki kukumbuka alivyolia. Mimi mgongo wangu ulilia pia, mpaka leo nikiinama unalalamika.

Alipotulia akasema, "Msiniguse tena."

Hapo ndipo ubaya ulipo. Mtu mzito asipogeuzwa, mgongo unaoza. Jumatatu nilipochungulia niliona pameanza kuwa pekundu na ngozi imelegea. Daktari Stanslaus amesharudi, ananieleza taratibu, maana yeye ni Msukuma wa Mwanza na akikasirika ndiyo anaongea polepole. "Rabia, daktari wa mifupa yuko Nachingwea mpaka Ijumaa. Akiondoka harudi mpaka mwezi wa pili. Huyu bibi akilala hivi mpaka mwezi wa pili, kidonda au mapafu, kimojawapo kitamchukua. Lazima Alhamisi afike Nachingwea, na lazima anyanyuliwe bila kuanguka."

Kwa nini, sikuuliza. Kwa vipi, ndiyo sikujua.

Jumanne akapiga simu Catherine, muuguzi wa Nachingwea ambaye angekuja na gari la wagonjwa. Akasema ana kitanda kipana cha magurudumu, kinatosha, tusiwe na wasiwasi. "Nyie mtoeni kitandani kwa winchi yenu, mimi nitampokea."

"Winchi gani?"

"Ya kunyanyulia mgonjwa. Zilikuja mbili, moja kwetu, moja kwenu."

"Kwetu haijafika."

"Imefika, dada. Ina magurudumu manne, ina mkono, ina ndoano."

Nikamwambia anitumie picha. Mtandao ukazungusha kiduara chake weee, hatimaye picha ikafunguka. Mgonjwa ameketi hewani amebembea, amekumbatiwa na kitambaa cha buluu chenye vitanzi sita. Nikainua macho taratibu. Pazia langu lilikuwa linapepea dirishani.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi ningeambiwa tu ningeshukuru. Nilipomweleza daktari Stanslaus alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniangalia, akaivua tena. Afadhali angenitukana.

Jumatano asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Mbekenyera. Ghala limejaa, foleni imetoka nje mpaka barabarani. Katikati yao imesimama mashine yetu. Kipriani ameshika rimoti yenye waya, anabonyeza, mkono unapanda, gunia linaning'inia, namba zinawaka kijani. Naye anazitangaza kwa sauti kama muadhini. "Sabini na tisa. Themanini na mbili. Sabini na nne, mama Eliza, umepunja gunia."

Nikamwita pembeni. Nikamweleza. Akanitazama kama nimelewa.

"Rabia, wewe mwenyewe ulinipigia simu."

"Najua."

"Ulisaini."

"Najua nilisaini."

"Ukasema ni yetu. Leo unasema ni ya kubebea wagonjwa. Kesho utasema ni ya nini?"

Foleni nayo ikaanza kunung'unika. Mizani hii ndiyo wanayoipenda. Ya zamani ilikuwa ya jiwe na mkono, namba anaiona karani peke yake. Hii namba inawaka, kila mtu anasoma mwenyewe kutoka alipo. Mwanamke mmoja, Dionisia, ambaye tulitoka unyagoni siku moja, akaweka mikono kiunoni. "Hii haitoki. Mgonjwa wenu mbebeni kwa mikono. Kwani anabebwa nani?"

"Somo," nikasema. "Bi Mwanabibi."

Dionisia alishusha mikono. Nyuma yake akina mama wakaanza kuulizana, nani, kasema nani, na jina likaenda mpaka mwisho wa foleni. Hakuna aliyenibishia tena. Hata Kipriani alichomoa waya mwenyewe kwenye betri, akaanza kuuzungusha mkononi. Dionisia na wenzake wawili wakaacha magunia yao pale pale chini, wakapanda kirikuu na mashine. Nilisikia nafuu kubwa, nikafikiri kazi imekwisha.

Mchana huo tulijifunza. Catherine katuma video, na mimi ndiye niliyefanywa gunia. Walinilaza, wakanipitishia kile kitambaa chini ya mgongo na mapaja, wakafunga vitanzi kwenye ndoano. Stanslaus akabonyeza. Nikapanda. Haikuuma chochote. Ila inashangaza kuona sakafu inaondoka na hakuna mkono wa mtu uliokushika. Nilichanganyikiwa, sikujua niangalie wapi.

Catherine alituachia onyo moja kwa simu. "Mwisho wake kilo mia mbili. Ikizidi hapo msinyanyue, mkono unaweza kukatika. Mnyanyue shibiri moja juu ya godoro, soma namba. Ikiwa chini ya mia mbili, endelea. Ikizidi, shusha."

"Na ikizidi tufanyeje?"

"Hapo sijui, dada."

Mizani yetu ya kliniki inaishia mia na hamsini, na hata ingekuwa kubwa, mtu mwenye nyonga iliyovunjika anaipandaje? Hapakuwa na njia nyingine ya kujua.

Alhamisi saa tatu asubuhi gari la Nachingwea likaingia uani. Catherine akateremsha kitanda chake kipana. Sisi tukaikokota mashine mpaka wodini, magurudumu yanalia. Dionisia alikuwa ameketi karibu na kichwa cha somo yetu, anajivuna. "Somo, tumekuletea mizani ya ghalani, ile mpya. Leo utabebwa kama malkia."

Bi Mwanabibi akaigeukia. Akaiangalia kwa muda, kutoka magurudumu mpaka juu.

"Sipandi," akasema.

Stanslaus akasogea. "Bibi, haiumi. Tutakuchoma sindano ya maumivu kwanza."

"Sikusema inauma, baba. Nimesema sipandi."

Tukambembeleza. Catherine akaeleza, mimi nikaeleza kwamba nilipanda jana na nipo mzima, Dionisia akaeleza hata yale asiyoyajua. Hapana. Dereva anapiga honi nje. Stanslaus akanivuta ukumbini, sasa anaongea polepole sana. "Huku kwenu kuna mwiko gani wa mtu kunyanyuliwa?"

"Hakuna mwiko. Yeye mwenyewe ametubeba sisi sote."

"Basi anaogopa nini?"

"Sijui." Na kweli sikujua. Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Mtu unatafutiwa uzima kwa bodaboda na kirikuu na video, halafu unasema sipandi. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kumgombeza, yote mawili kwa pamoja.

Nikarudi wodini nikasimama mlangoni, sikuingia. Nikamtazama kabla hajaniona. Macho yake hayakuwa kwenye ndoano. Hayakuwa kwenye kitambaa. Alikuwa anakitazama kioo. Kimewaka sifuri, kijani, kimeelekea katikati ya wodi, na wodi imejaa watu: Dionisia na wenzake, Catherine, wagonjwa watatu na ndugu zao waliosimama na vikombe vya uji.

Ndipo nikamsikia Kipriani kichwani mwangu. Themanini na mbili. Sabini na nne. Nikawasikia na wale vijana wa ghalani, nikajisikia na mimi mwenyewe nikicheka. Kumbe hayakuwa magoti. Aliacha kuja ghalani kwa sababu yetu. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba.

Nikawatoa wote nje. Wote, mpaka Dionisia, ambaye alininunia mwezi mzima kwa hilo. Waliokuwa hawawezi kutembea nikawavutia pazia la kati. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Somo, ni ile namba?"

Chozi likapita pembeni ya pua, akaliacha.

"Nilicheka siku ile," nikasema. "Nisamehe."

"Mlicheka wote. Hata mimi nilicheka, ningefanyaje?" Akavuta pumzi, mfupa ukamchoma, akasubiri upite. "Rabia, mimi nimekuwa mtu mzima miaka hamsini. Hakuna anayejua nina ngapi. Mimi mwenyewe sijui na sitaki. Niacheni nife na uzito wangu, nitazikwa nao."

"Utazikwa mwezi wa pili, mgongo umeoza."

"Ndiyo hivyo."

"Somo, ulitufundisha nini siku ya tatu ya unyago? Tulipokuwa tunaficha maradhi yetu tusikwambie?"

Akafumba macho. Alijua ninapoelekea.

"Mficha uchi hazai," nikasema. "Uliimba mpaka tukalala tunaiota. Ulikuwa unatuambia sisi tu?"

Nje dereva akapiga honi tena, nikasikia Stanslaus akimwambia anyamaze. Kisha Bi Mwanabibi akafungua macho, na sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa, ilikuwa ile sauti ya kungwi iliyotutetemesha tukiwa wasichana.

"Ya unyagoni yanaishia wapi?"

"Unyagoni, somo."

"Hata kwa mume?"

"Hata kwa mume."

"Hata kwangu. Usiniambie. Asome mtu mmoja, awe wewe."

Nikafungua kanga yangu ya juu, nikaifunga kwenye mkono wa mashine, ikaning'inia ikakifunika kioo chote. Nikawaita Stanslaus na Catherine peke yao. Tukampitishia kile kitambaa taratibu, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, kama Catherine alivyoelekeza. Tukafunga vitanzi. Mimi nikashika rimoti kwa mkono wa kulia, nikaingiza kichwa changu chini ya kanga kama mwanamke anayejifukiza.

Chini ya kanga kulikuwa na kijani tu. Nikabonyeza. Namba zikaanza kukimbia. Arobaini. Themanini. Zikapita mia, zikapita mia na ishirini, nasikia mashine inaunguruma na somo anasoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbele ya namba. Nilisema tu isifike mia mbili, isifike, isifike. Zikapunguza mwendo. Zikasimama.

Nikatazama mara mbili, nikadhani mashine imekosea. Nikachungulia chini: amekwisha kuachana na godoro, shibiri nzima, anabembea kidogo. Nikarudi kwenye kioo. Namba ile ile.

"Ngapi?" Stanslaus akauliza.

"Inabeba."

"Nesi, nataka namba."

"Inabeba, daktari. Endelea."

Sijawahi kumjibu hivyo kabla wala baada. Alinitazama, akamtazama bibi, sina hakika alielewa nini, lakini akakamata nguzo akasukuma. Tukamtoa kitandani bila shuka kuchanika, bila mtu kuvunjika mgongo, bila yeye kulia. Catherine akasogeza kitanda chake, mimi nikabonyeza kitufe cha chini, somo yetu akatua polepole. Alipotua alikuwa bado anasoma.

Nilikwenda naye Nachingwea. Kule mtaalamu wa usingizi akaja na karatasi yake: jina, umri, uzito. Dawa ya usingizi inakwenda kwa uzito, akasema, hawezi kukisia. Bi Mwanabibi akanikazia macho. Nikamwomba yule kaka kalamu, nikaandika kiganjani mwangu, nikamfungulia asome, nikafuta kwa spiriti palepale. Akashangaa, lakini akaiandika, akafunika karatasi. Nilimwambia Bi Mwanabibi kwamba huyu naye ameshaingia unyagoni. Alicheka hadi nyonga ikamkumbusha.

Kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji akanivuta mkono.

"Sikuulizi namba. Nakuuliza wewe. Nilikuwa mzito?"

Nilitaka kumwambia kwamba wote waliosema mia mbili ni waongo, na waliosema mia mbili na nusu ni waongo zaidi. Nilitaka nikatangaze ghalani kwa sauti ya Kipriani. Nilikuwa nimeapa. Nikaangalia mkono wangu, nikakumbuka ile rimoti.

"Somo," nikasema, "nilikubeba kwa kidole kimoja."

Akakitafuta hicho kidole, akakishika. Alikuwa bado amekishika kitanda kilipoanza kwenda, nikalazimika kutembea nacho mpaka mlangoni.

Msimu huu Bi Mwanabibi amekwenda ghalani mwenyewe, na fremu yake ya kutembelea, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Chama kimepata mizani yake halisi, mashine yetu imerudi kwetu, na dirisha la wodi halina pazia. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni nilipowasikia wale wale vijana. Utani ni utani, huku hauishi. "Bibi, tuambie sasa, ulipanda ile mizani. Ngapi?"

Aligeuka na fremu yake, mzima mzima. "Muulizeni Rabia. Yeye ndiye aliyenibeba."

Wakanigeukia wote, na Kipriani akaacha kuandika. Nikainua kidole kimoja. Wakabaki wanatazamana, mmoja ananong'ona mia moja, mwingine anasema haiwezekani, na Bi Mwanabibi akaegemea fremu akacheka mpaka tukamletea kiti.